Unga Ulioua Panya Kumi na Mmoja

Nondo ilishuka.

Wiki iliyopita tulimwacha Mizani ameinama juu ya mashine ya kusagia mizizi, mgongo kaupa mlango, na nyuma yake mwanamume asiyemjua amenyanyua chuma kwa mikono miwili. Mlioandika kuuliza kama alikufa, jibu lenu ni hili: alisikia soli ya kiatu ikikwaruza sakafu, akageuka, na pigo lililokusudiwa kupasua kichwa likatua kwenye bega la kushoto.

Mfupa ulilia. Mwenyewe hakulia, maana pumzi ya kulilia haikuwepo.

Kwa aliyeingia leo, Mizani ni jina alilopachikwa na wenzake kazini, kwa sababu husemwa kwamba hata chumvi ya mboga yake huipima kabla ya kuitia chunguni. Ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mpimaji wa dawa za mitishamba. Mtu akileta mzizi, jani au gome na kudai linaponya, Mizani huuliza mambo mawili tu: linaponya kweli, na likizidi kiasi gani linadhuru? Mwezi mzima alikuwa anapima unga wa vidonda vya tumbo unaotengenezwa na wifi yake, mke wa kaka yake wa pekee. Watu watano walikuwa wamekufa baada ya kuunywa.

Sasa turudi kwenye nondo.

Pigo la pili lilimkosa likasambaratisha rafu nzima ya chupa. Mizani akanyakua iliyokuwa karibu, ya spiriti, akamrushia yule mtu usoni. Alinguruma kama gari bovu. Akiwa haoni, akapapasa hewani, akakamata nywele, akavuta, akaubamiza uso wa Mizani kwenye ukingo wa meza. Jino likatoka. Mizani akaokota kipande cha chupa sakafuni na kumchoma nacho pajani hadi vidole vyake mwenyewe vikachanika.

Wakaanguka pamoja. Yule mtu alikuwa na uzito wa magunia mawili. Akamkalia kifuani, akamlazia nondo shingoni, akakandamiza. Dari ikaanza kuwa nyeusi kuanzia pembeni.

Kisha, kwa mkono mmoja, akatoa pakiti iliyokunjamana mfukoni mwa shati na kumsogezea machoni.

"Soma," akasema. "Soma jina lililoandikwa hapo chini."

Akalegeza nondo kidogo. Ilikuwa pakiti ya unga wa wifi. Chini palikuwa na muhuri wa maabara, maneno kwamba dawa imepimwa na ni salama, na sahihi. Sahihi ilikuwa ya Mizani.

"Mke wangu alikuwa hazitaki dawa za mizizi. Hii alikunywa kwa sababu ya jina lako."

Mizani aliangalia ile sahihi. Mkia wa herufi ya mwisho ulikuwa umekunjwa vizuri kabisa, ila mtu aliyeighushi alikuwa ameikunja kushoto. Akamwambia yule mtu, kwa sauti iliyotoka kama ya mgonjwa wa koo, kwamba hajawahi kutia sahihi hiyo, na kwamba majibu yake ya kweli yako chumba cha pili.

"Nipeleke ukayaone," akasema. "Ukishayaona, umalizie."

Yule mtu alimshika ukosi wa koti jeupe, akamburura.

Chumba cha panya kilikuwa kidogo, cha dirisha moja, na kilinuka mkojo na majani makavu. Upande wa kulia vilikuwepo vizimba kumi na viwili vyenye karatasi ya kijani. Upande wa kushoto vingine kumi na viwili, karatasi nyekundu.

Mizani alieleza akiwa ameegemea ukuta, mkono wa kushoto ukining'inia. Panya wote walikuwa na vidonda vya tumbo. Wa kijani walipewa unga wa mzizi ambao wifi aliuleta mwenyewe, kwa mkono wake, miezi mitatu iliyopita. Wote kumi na wawili walikuwa hai, na kumi vidonda vyao vilikuwa vimefunga. Wa nyekundu walipewa unga ulionunuliwa dukani, wa pakiti kama hiyo. Rangi ileile, harufu ileile, kipimo kilekile. Kumi na mmoja walikuwa wamekufa, maini yamekauka. Wa kumi na mbili alikuwa amelala ubavu, mbavu zikipanda na kushuka.

Akamwambia pia alichokiona kwenye hadubini: ndani ya unga wa dukani kulikuwa na nyuzi ambazo si za mzizi. Lilikuwa gome la mti mwingine, limesagwa laini likachanganywa.

"Mzizi unaponya," alisema. "Aliyetia gome ndiye aliyekuulia mkeo."

Yule mtu alisogea kizimba kwa kizimba, akisoma tarehe polepole kwa midomo. Alipofika mwisho aliuliza swali moja, ni siku ngapi. Mizani akamweleza kwamba siku ya kwanza hawaonyeshi chochote, wanakula na kucheza kama kawaida. Ya pili macho yanageuka manjano. Ya nne wanakufa.

Alikaa chini sakafuni kama mtu aliyekatwa miguu.

"Alhamisi alikunywa," akasema. "Jioni akapika, akanicheka ninavyokula. Jumapili nilimfumba macho."

Nondo ilimtoka mkononi. Alikuwa dereva wa lori, akaeleza, na wiki nzima baada ya mazishi alikuwa analala ndani ya lori lake nje ya maabara hiyo, akisubiri mwenye sahihi atoke. Alimwomba Mizani radhi kwa jino. Bega hakulitaja, pengine alijua hilo haliombewi radhi.

Kisha akauliza nani anachanganya.

Mizani alikuwa na jina moja tu kichwani. Dukani alikuwepo kaka yake kila siku. Kaka ndiye aliyepeleka pakiti kuchapishwa. Na asubuhi hiyohiyo, Mizani alikuwa amempigia simu kaka huyo, peke yake katika dunia nzima, akamweleza habari ya panya na gome. Kaka alinyamaza, kama mtu anayesikiliza sauti nyingine pembeni yake, kisha akauliza kama wale panya bado wapo.

Mizani alifungua mdomo aseme. Hapo ndipo mlinzi wa maabara alipopiga ukelele getini.

Ukelele ulikatika katikati.

Dereva alikimbilia dirishani kuchungulia. Mlinzi alikuwa anatambaa kwenye changarawe, damu ikimtoka sikioni, na watu wawili walikuwa wanamruka kama anavyorukwa mbwa aliyelala njiani. Mmoja alikuwa na kipara kinachong'aa na dumu la petroli kila mkono. Wa pili alivaa ovaroli ya fundi gari na alishika panga.

Dereva aliokota nondo, kisha yeye na Mizani walirudi mbio chumba cha kusagia, kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa huko. Ulikuwa umefungwa kwa nje. Dereva mwenyewe ndiye aliyeufunga, asubuhi ile, ili Mizani asipate pa kukimbilia.

"Hilo nalo niombee radhi," Mizani akamwambia.

Ovaroli aliingia kwanza. Hakuuliza mtu jina. Panga lake lilimchana Dereva mkono kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo, damu ikaruka hadi kwenye saa ya ukutani. Dereva akajibu kwa nondo chini, gotini, na goti likapinda upande ambao magoti hayapindi. Ovaroli alianguka akitukana mama za watu.

Lakini Kipara alikuwa ameshaweka madumu chini. Akamrukia Dereva mgongoni, akamzungushia mkono shingoni, akamlaza kifudifudi juu ya mashine ya kusagia. Mkono wa kwanza ulikaba. Wa pili aliushindilia kwenye kinywa cha mashine apate nguvu, vidole vinne ndani kabisa, pale mizizi inapotumbukizwa.

Uso wa Dereva uligeuka zambarau. Miguu yake ikaanza kupigapiga sakafu, kisha ikapunguza.

Mizani alikuwa ukutani. Swichi ya mashine ilikuwa juu ya bega lake zima.

Miaka kumi na sita alikuwa amekaa akipima ni kiasi gani cha kitu kinamdhuru kiumbe, gramu kwa gramu, akiandika kila kipimo. Mara hii hakupima. Alibonyeza.

Mashine ile ilitengenezwa kusaga mizizi migumu kuliko mfupa. Sauti yake haikubadilika sana. Iliyobadilika ni ya Kipara.

Alipoizima, Kipara alikuwa amepiga magoti, anautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeusahau hapo. Dereva alikuwa sakafuni anakohoa, lakini anapumua. Mizani alitapika kando ya meza, akajifuta, akavua mkanda wa koti lake na kuufunga mkono wa Kipara juu ya kiwiko, akikaza kwa meno na mkono mmoja mpaka damu ikapungua. Alifanya hivyo kwa sababu hakujua kufanya vingine mbele ya mtu anayevuja damu. Na akiwa anakaza, akamuuliza nani kawatuma.

Kipara alikuwa anatetemeka meno yakigongana. Hakuwa na sababu ya kuficha tena.

"Mwenye duka," akasema. "Panya waungue, na majibu. Na wewe kama upo."

Aliongeza kwamba waliambiwa wamalize kabla ya saa sita. Saa sita kamili, mume na mke wangesimama mbele ya duka na kunywa ile dawa hadharani, watu waone kwamba ni salama, wale wafiwa waliokusanyika waweke mawe yao chini.

Mizani alielewa maana yake. Wifi atakunywa. Wifi ambaye mzizi wake ni safi, ambaye hajui kilichomo ndani ya unga wa mumewe, atapiga kikombe kizima kwa imani.

Alikuwa bado anawaza hivyo aliposikia mlio wa moto ukiwaka.

Walikuwa wamemsahau Ovaroli. Alikuwa amejiburuta kwa viwiko hadi chumba cha panya, anasukuma dumu mbele yake, na alikuwa na kiberiti. Moto uliruka dirishani kabla hata mlango haujawaka. Ovaroli naye akajirusha nje kupitia dirishani, nguo zinaungua, akijipigapiga kwenye changarawe.

Mizani alikimbilia ndani. Dereva alimshika koti kutoka nyuma, akamvuta, Mizani akampiga kiwiko cha pua, Dereva hakumwachia. Kupitia mlangoni waliona karatasi za kijani zikijikunja moja baada ya nyingine. Panya wale kumi na wawili walilia kwa muda mfupi tu. Daftari la majibu lilikuwa juu ya meza ya dirishani, na meza yenyewe ilikuwa imeshaanguka.

Ushahidi kwamba mtu anaua watu uliungua. Na ushahidi kwamba mzizi wa wifi unaponya uliungua nao, katika chumba kimoja, kwa petroli moja.

"Saa ngapi?" Mizani aliuliza.

Saa ya ukutani, chini ya michirizi ya damu, ilionyesha saa sita kasoro dakika ishirini.

Walimtoa Kipara nje pamoja na lile panga. Mlinzi alikuwa ameshajiinua. Kichwa kilikuwa kinamzunguka, lakini alilichukua panga na kukaa mbele ya Kipara na Ovaroli, akasema polisi na zimamoto ameshawapigia, na kwamba hawa wawili hawaendi popote labda waazimane, mmoja mguu na mwenzake mkono. Huyo ndiye mlinzi wao. Hata kuzimu angetania.

Dereva aliendesha lori kwa mkono mmoja, mwingine kaufunga shati. Mizani alikuwa anambadilishia gia kwa mkono wake mzima. Ukiwachanganya walikuwa mtu mmoja kamili. Walipanda juu ya ukingo wa barabara mara mbili, wakang'oa kibao cha mtu na kioo cha pembeni cha gari la mtu mwingine. Njiani Mizani alimweleza Dereva kuhusu wifi: kwamba yeye Mizani alipojifungua mtoto wake wa kwanza na mume wake mwenyewe kakimbia, wifi ndiye aliyemkanda mgongo usiku na mchana, ndiye aliyemlisha kwa kijiko. Kwamba kumpoteza huyo itakuwa sawa na kuzikwa naye. Kuhusu kaka hakusema neno.

Barabara ya duka ilikuwa imejaa hadi kwenye mitaro. Watu kama mia mbili. Mbele walisimama wafiwa, na wengi wao mikono ilikuwa nyuma, imefumbata kitu. Kioo kimoja cha duka kilikuwa kimeshapasuliwa.

Wifi alikuwa amesimama kwenye ngazi, kavaa gauni la bluu lililopigwa pasi. Mbele yake palikuwa na debe lenye dawa iliyokorogwa, na upawa ndani yake. Alikuwa anaongea bila kupaza sauti, na watu walikuwa wananyamazishana wamsikie. Aliwapa pole waliofiwa, mmoja mmoja, kwa uhusiano wao: wewe uliyempoteza baba, wewe uliyempoteza mke. Akasema kama dawa yake ndiyo iliyoua, basi naye afe mbele yao. Akachota vikombe viwili. Kimoja akabaki nacho. Kingine akampa mumewe.

Kaka alikipokea kwa mikono miwili.

Mizani aliteremka kwenye lori kabla halijasimama. Watu walipoona uso wake na damu ya kotini walimpisha wenyewe.

"Kaka, usinywe," alisema. "Wifi, tua hicho kikombe. Unga wa dukani umetiwa sumu, na kaka anajua."

Vichwa vyote vikamgeukia kaka.

Mizani alimkazia kaka macho. Alikuwa anangojea aone mkono ukitetemeka, kikombe kikishushwa, kisingizio kikitafutwa. Mtu anayejua kilichomo hawezi kukigusa kwa mdomo. Hicho ndicho kingekuwa kipimo chake, na hakikuhitaji panya.

Kaka alimtazama kwa aibu. Hapakuwa na hofu hata chembe.

"Asubuhi ulinipigia ukaniambia mke wangu anaua watu," akasema. "Yeye yuko pembeni yangu anasikia kila neno. Nikakusitiri. Sasa umekuja kunirukia mbele za watu."

Akawageukia wale watu. Akasema miaka ishirini na miwili anakula kutoka mkono wa mama huyu na hajawahi kuumwa hata kichwa. Kisha akafumba macho, akanywa. Alikunywa hadi chini, akakigeuza kikombe kuonyesha kwamba hakuna kilichobaki.

Mizani aliyarudia moyoni maneno ya kaka yake.

Yeye yuko pembeni yangu anasikia. Kwa hiyo walioyajua ya panya asubuhi ile walikuwa wawili. Mwenye duka, Kipara alisema, na Mizani kwa haraka zake akasikia kaka. Leseni ya duka ilikuwa imetundikwa mlangoni, ndani ya fremu, nyuma ya bega la wifi, na jina lililoandikwa hapo halikuwa la kaka.

Akahamisha macho kwa wifi.

Wifi alikuwa amekiinua kikombe chake. Kichwa kilikwenda nyuma, gauni la bluu likanyooka, watu wakaanza kushangilia. Lakini Mizani kazi yake ni kutazama viumbe vikimeza dawa. Alilitazama koo. Halikucheza.

Alipiga hatua kwenda mbele, akimwambia kaka ajitapishe, aingize vidole kooni sasa hivi. Hatua ya pili hakuifikisha. Mwanamke mmoja alimshika koti, mwingine akamshika mkono uliovunjika, na maumivu yakampigisha magoti. Mtu alisema huyu ndiye aliyetia sahihi. Jiwe la kwanza lilimpata mgongoni. Nyuma yake alimsikia Dereva akianguka chini ya mateke, akirudia kusema wamsikilize, wamsikilize.

Kati ya miguu ya watu Mizani aliweza kuona ngazi. Kaka alikuwa anacheka, anapigwa mabega na watu asiowajua, mzima wa afya.

Wifi hakuwa anamtazama mumewe. Alikuwa ameinama juu ya debe, anakirudisha kilichokuwa kikombeni mwake, taratibu, bila kumwaga hata tone. Alipomaliza alijifuta mdomo uliokuwa mkavu, akamwona Mizani pale chini, akamtikisia kichwa kidogo, kwa upole, kama anavyoagwa mgonjwa.

Kisha akachukua upawa, akawaomba watu wapange mstari, wazee na wenye maumivu watangulie.